Mlango wa Nne

Milango mitatu ya Peugeot 504 ya marehemu baba imevalishwa leza iliyonyooka kama shuka la hospitali. Wa nne una mikunjo miwili karibu na kitasa, na pini za stepla zinaonekana pembeni. Abiria anayekaa upande huo huniuliza kama hela ziliniishia. Huwa naitikia ndiyo, maana jibu la kweli ni refu.

Ninafundisha kemia Nyarugusu. Ya Geita, ya dhahabu, si ile ya Kigoma yenye kambi ya wakimbizi. Imebidi nizoee kulisema hili kila ninapoagiza mzigo. Gari ni ile ndefu ya safu tatu za viti, ambayo baba alibebea watu na magunia mpaka magoti yake yakakataa. Injini bado inakubali. Kilichokufa ni ndani: hadibodi za milango zilivimba kwa unyevu, leza ikabanduka ikawa inaning'inia kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa nusu.

Fundi viti wetu ana kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara kutoka kwenye makarasha ya kusagia mawe. Aliniwekea makopo mawili mezani. "Mwalimu, hii nyeupe ni ya maseremala. Inataka kubanwa usiku kucha, na hadibodi inakunywa maji yake. Hii ya njano ni ya mafundi viatu. Unapaka huku, unapaka huku, unasubiri mpaka kidole kisinate, unabandika. Ikishika imeshika."

Nikachagua ya njano. Sikufikiri hata dakika moja, na ninaijua vizuri. Ni neopreni, mpira wa kutengenezwa uliogunduliwa kwenye maabara za kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1930. Mpira mkavu haupakiki kwa brashi, kwa hiyo huyeyushwa katika kimiminika, mara nyingi tolueni. Tolueni huubeba mpira, huufikisha mahali pake, kisha huondoka. Ule muda wa kusubiri kidole kisinate ndio muda wa tolueni kuondoka. Inakwenda wapi? Darasani huandika ubaoni "huvukiza", tukafungua ukurasa unaofuata.

Siku ya tatu nilipita kuangalia kazi. Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa. Nikadhani hawapo, kumbe wamejifungia kwa sababu ya vumbi la makarasha, kwani vumbi likitua juu ya gundi, gundi haishiki. Ndani kijana alikuwa amechuchumaa sakafuni, brashi mkononi, ubao wa mlango wangu wa tatu mbele yake. Nilimfundisha mpaka kidato cha tatu, akaacha shule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

Hakujibu, alicheka. Hapakuwa na la kuchekesha. Aliposimama alishika ukuta kwanza, akatulia kidogo, ndipo akanipa mkono. Macho yalikuwa mekundu.

"Amezoea huyo," fundi akasema.

"Nimezoea, mwalimu," kijana naye akasema.

Hilo neno lilinifuata nyumbani. Ni kweli kuna kinachozoea, nacho ni pua. Baada ya muda pua huacha kuisikia harufu. Ubongo hauzoei tolueni. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi, hukaa chini, palepale anapochuchumaa mtu anayepaka ubao sakafuni. Na dirisha lilifungwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu, ili leza yangu isiwe na kipele.

Kwetu jambo hili lina ndugu yake. Unga wa mawe huchanganywa na maji na zebaki, zebaki hukumbatia dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Anayechoma ndiye anayeivuta. Pete inayouzwa mbali na hapa haina hata tone la zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata, na uchomaji wa namna hii ni miongoni mwa yaliyotajwa humo. Hayo ninayafundisha kwa sauti kubwa. Nimewahi kumfokea mzazi aliyekuwa akichomea jikoni, watoto wamemzunguka.

Mama yangu hakula nyama asiyojua ilikotoka. Aliamini mali ya dhuluma ina harufu, na mwenye nia njema ataisikia. Lakini mlango wangu hauna harufu. Umekauka, umenyooka, nimeulipia, nina risiti. Kilichofanya kazi kimeondoka kikaingia kifuani mwa mtu mwingine, kikaniachia kitu safi. Nashindwa kusema kitu hicho ni safi, na nashindwa pia kukionyesha doa.

Kesho yake nikarudi na agizo: mlango wa nne ufanyiwe nje, chini ya mwembe, kwa gundi nyeupe na pini. Nilitegemea shukrani, sitaficha. Kijana akaangalia chini.

"Mimi nalipwa kwa mlango, mwalimu. Nyeupe ni siku mbili, tatu. Ukinionea huruma, nionee na hela."

Nilikuwa nimekuja na huruma, na bili nimeandika jina lake, kama ile ya kwanza. Nikalipa siku tatu. Mlango mmoja ukanigharimu karibu na ile mitatu. Fundi akatikisa kichwa, akaniambia utanyauka, na umenyauka. Ile mitatu sikuibandua, maana kuibandua kunataka kimiminika kingine cha namna hiyohiyo, na mikono ingekuwa yake. Wiki iliyofuata nilipita, mlango wa kibanda umefungwa tena. Kulikuwa na viti vya Noah ya mtu. Sikubisha hodi.

Kuna jambo fundi hakuniambia, nami mwalimu wa kemia nilipaswa kulikumbuka. Leza ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta, na mafuta hayo huhama polepole, yakaingia kwenye mpira wa gundi na kuulegeza. Mvua za masika zilipokwisha, mlango wa kwanza ulianza kuachia kona ya juu. Nilikuwa sokoni, gari limesimama, kijana akapita na begi mgongoni. Akaingiza kidole kwenye ile kona, akaivuta kidogo, leza ikaja bila ubishi.

"Huu unauleta lini, mwalimu?"

Nikamwambia nitaona mwisho wa mwezi. Akaurudisha kwa kiganja, akaukandamiza, akashikilia hapo muda mrefu kana kwamba utakubali.