Nani Ana Nafasi Ukutani Kwetu?



Wengi wetu tuliokimbia Kivu na kupitia kambi ya Nyarugusu hatukubeba albamu. Tulibeba watoto. Leo simu moja ina maelfu ya picha, na vijana wetu wanatununulia fremu ya kidijitali: inakaa sebuleni, inaunganishwa na intaneti, na ndugu walio mbali wanatuma picha moja kwa moja. Ni zawadi nzuri, lakini inatuletea swali: je, kila picha tuliyo nayo ni ya kuonyeshwa?

Fremu haichagui. Inapitisha keki ya siku ya kuzaliwa, kisha gari jipya, kisha marehemu babu, kila mmoja sekunde chache. Inamwonyesha mgeni yeyote picha ya shangazi akiwa kitandani hospitali, picha tuliyotumiwa ili tumwombee. Shangazi hakuulizwa. Kukaa kwake mbali hakumwondolei haki ya kusitiriwa.

Wapo wanaosema tuweke zote, tusimsahau mtu. Hofu hiyo tunaielewa. Aliyepoteza picha zote huogopa kufuta hata moja. Lakini kutunza ni jambo moja, na kuonyesha ni jingine. Tuzitunze zote, tena mahali zaidi ya pamoja, maana simu huanguka na huibwa. Za kuonyesha tuzichague.

Katika Yoshua 4, Waisraeli walipovuka Yordani walichukua mawe kumi na mawili tu, wakayasimamisha Gilgali ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wajibu. Hicho ni kipimo kizuri kwetu. Picha ya ukutani ni ile ambayo mtoto ataiuliza na mzee atakuwa na la kujibu. Kwenye fremu, mtoto akiuliza, “Huyu ni nani?” sura imeshapita. Kwa hiyo sura chache zinahitaji kukaa mahali pamoja.

Kuchapisha picha ndogo hakufiki dola moja. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo tumwombe ndugu aitume kama dokumenti. Nyuma yake tuandike jina, mahali na mwaka, wakati bado yupo anayekumbuka.

Wiki hii tukae na watoto, tuchague pamoja. Walio hai tuwaombe ruhusa. Waliolala tuwataje kwa majina.