Kiandikwe Kitu, Isiandikwe Shida

Wasomaji wenzangu, hebu tuanze na swali. Mtu akiweka kitu chake rehani kwa sababu ana dhiki, je, ni haki jina lake liandikwe kitabuni? Na kama halikuandikwa, nani atakuwa shahidi wake siku ya kukikomboa?

Swali hili sikulipata darasani. Mimi nimeishia kidato cha nne, na ninachokitamani ni kuandika riwaya, siyo sheria. Nimelipata nyumbani kwetu Wambaa, huku magharibi ya Pemba, wilaya ya Mkoani.

Miaka michache iliyopita mdogo wangu aliumwa na pesa zikatakiwa haraka. Karafuu zilikuwa bado ziko mtini. Mama akatoa bangili zake mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu bibi, akazifunga kwenye pindo la kanga, akapanda gari kwenda mjini. Huko yuko mfanyabiashara mmoja anayepokea dhahabu na kutoa pesa, mambo ambayo wengine huyaita kuweka poni. Mama akapewa laki tatu. "Usijali bimkubwa," akaambiwa, "sisi ni watu wa kuaminiana." Yule bwana akaandika kwenye daftari lake: mama wa Wambaa, bangili mbili. Basi. Uzito hakuandika, karati hakuandika. Mama hakupewa hata kipande cha karatasi, wala hakukiomba. Aliona afadhali hivyo, maana karatasi ingeonekana nyumbani na watu wangeuliza.

Msimu ulipofika tukachuma, tukaanika, tukauza, na mama akaenda kukomboa vitu vyake. Akarudishiwa bangili mbili. Alipozitia mkononi tu akajua si zake. Zilikuwa nyepesi. Akauliza, akajibiwa, "Bangili mbili uliweka, bangili mbili umechukua." Daftari likafunguliwa, na kweli, lilisema hivyo hivyo.

Niliposikia nilipandwa na hasira, nikasema twende polisi. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, nikenda polisi kisiwa kizima kitajua kuwa niliweka poni. Wacha." Nikawacha. Lakini mpaka leo najiuliza: ile sitara aliyoitafuta mama si ndiyo iliyomfunga mdomo? Alificha shida yake, na mwenzake akapata pahala pa kuficha dhuluma yake.

Baadaye nami nikauonja upande wa pili. Nilinunua simu iliyotumika kwa muuzaji mmoja Chake Chake. Wiki mbili hazijapita, akatokea kijana na boksi mkononi. Tukabonyeza *#06#, namba zikalingana tarakimu kwa tarakimu. Simu ni yake, aliibiwa. Tulipomrudia muuzaji akasema hakumbuki nani alimuuzia, eti watu ni wengi. Nikairudisha simu, pesa zangu zikapotea, na kwa siku kadhaa nikatazamwa kama mwizi.

Sasa tazameni. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2010 iliyoleta rejista ya namba za simu za mkononi, na tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zikazimwa nchi nzima. Laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole. Yote hayo yapo, lakini namba inasema simu ni ipi tu, haisemi imepita mikononi mwa nani. Hilo lingesemwa na daftari la muuzaji, na daftari hakuna. Aliyeibiwa, mimi niliyenunua, na mama aliyeweka poni, sote tulikwama penye ukurasa huo huo usioandikwa.

Je, dawa ni kulazimisha kila anayepokea rehani na kila muuza vitu vilivyotumika aweke kitabu? Nilidhani jibu ni rahisi mpaka nilipoanza kusoma habari za zamani za visiwa hivi. Zamani palikuwa na bei khiyari: mwenye shamba alimuuzia tajiri shamba lake kwa sharti kuwa anaweza kulinunua tena, na mara nyingi aliendelea kulitumia huku akilipa kodi. Nyaraka za mauzo hayo ziliandikwa, nyingine zikasajiliwa kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja tangu miaka ya 1860. Maandishi yalikuwapo. Hata hivyo, kufika miaka ya 1930, madeni ya wenye mashamba ya mikarafuu yalikuwa makubwa hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine bila idhini, na ulipaji wa madeni ukasimamishwa kwa muda. Kumbe wino peke yake hauokoi mtu. Inategemea umeandika nini, karatasi imebaki kwa nani, na nani anajua kuisoma. Daftari la yule bwana wa mjini nalo lilikuwa maandishi, na lilimshuhudia yeye tu.

Ama kuhusu aibu, nilikwenda kumuuliza mwalimu wangu wa chuoni. Akanikumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe, na inayofuata inataja rehani kwa walio safarini wasipompata mwandishi. Kisha akanikumbusha Hadithi ya Bibi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Kama deraya ya Mtume iliwekwa rehani na tunajua mpaka idadi ya pishi, bangili za mama zina aibu gani hata uzito wake usijulikane?

Lakini kusema hivyo hakumalizi jambo. Kijijini watu wanaishi na macho ya watu. Karani wa duka ni binamu wa jirani, na jirani ana ulimi. Kitabu kikiachwa wazi kila mtu akipekue, wenye shida watakikimbia na kuangukia mikopo ya kausha damu, ambako mambo ni mabaya zaidi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila kitu kiandikwe, kama vile nisivyokubaliana na wanaosema tuaminiane tu. Neno langu ni hili: kiandikwe kitu, isiandikwe shida. Uandikwe uzito wa dhahabu na karati zake, au namba ya simu. Iandikwe pesa iliyotolewa, tarehe, na siku ya mwisho ya kukomboa. Liandikwe jina la aliyeleta, na wote wawili watie saini au kidole gumba. Nakala moja ibaki dukani na moja aondoke nayo mwenye kitu. Lakini kwa nini ameleta, nani anaumwa, nani kafukuzwa shule, hayo hayamhusu mtu. Na polisi akija aulize habari za kitu kilichoibiwa, asikae kufunua majina ya watu kama anayesoma gazeti.

Hili si jambo gumu. Waingereza waliweka sheria ya maduka ya rehani mwaka 1872: kila mwenye kuweka kitu apewe tikiti, na awe na miezi kumi na miwili ya kukomboa, na siku saba juu yake. Mnyonge wa London alitoka dukani na karatasi mkononi. Mama yangu alitoka na ahadi.

Mtaniuliza, na wewe mbona umeyaandika ya mama yako? Mna haki. Sisi tunaotaka kuwa waandishi nasi tuna madaftari, na ndani yake zimo dhiki za watu ambao hawakutia saini. Naona kazi yetu ni kinyume cha ile ya dukani: sisi huandika shida na kulificha jina. Kabla ya kupeleka makala haya nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Andika, lakini duka usilitaje." Sikulitaja.

Zile bangili nyepesi anazo bado, lakini hazivai. Nanyi wenzangu, mnasemaje?