Faini au Kifungo: Kodi na Gereza Katika Kumbukumbu za Mwitongo

Mwitongo, kitongoji cha Butiama alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwezi Oktoba 1999, hutajwa sana kuwa chimbuko la mtu aliyeuondoa ukoloni Tanganyika, na ni nadra kutajwa kuwa palikuwa pia nyumbani kwa mkusanya kodi wa ukoloni huohuo. Burito Nyerere, baba yake Mwalimu, alisimikwa na Wajerumani mwaka 1915 kuwa mtemi wa sehemu hiyo ya Uzanaki, akaendelea chini ya Waingereza hadi alipofariki mwaka 1942, na katika miaka yote hiyo wajibu wa mtemi yeyote aliyetambuliwa na serikali ulianza na jambo moja, nalo ni kuhakikisha kwamba kila mwanamume mwenye nguvu katika himaya yake amelipa kodi. Jambo hili si la kumvunjia heshima mzee huyo, kwa kuwa watemi wa wakati ule hawakupewa nafasi ya kuchagua, lakini linafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuelewa namna mtu aliyekosa kulipa kodi alivyogeuka kuwa mfungwa.

Kodi ya kibanda, yaani kodi iliyotozwa kwa kuhesabu nyumba badala ya kupima mapato, iliwekwa na Wajerumani kwa amri ya mwaka 1897 na ikaanza kukusanywa mwaka 1898, kiwango cha vijijini kikiwa rupia 3 kwa kila nyumba. Lengo lake halikuwa fedha peke yake. Watawala walitaka Mwafrika alazimike kuitafuta rupia, na kwa kuwa rupia ilipatikana kwa kulima mazao ya biashara au kwa kufanya kazi kwenye mashamba na barabara za Mzungu, kodi ikawa njia ya kumtoa mtu kwake bila kumfunga kamba. Asiyelipa alifanyishwa shokoa, maana yake kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira, na aliyeonekana mkaidi alikutana na mnyororo wa shingoni pamoja na adhabu ya viboko 25, ambayo wazee waliijua kwa jina la hamsa ishirini.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliondoa rupia na kuleta shilingi, wakatunga sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922, lakini hawakuiondoa kanuni ya msingi kwamba deni la kodi linaweza kulipwa kwa mwili. Mtu aliyethibitika kutokuwa na fedha aliweza kuamriwa kufanya kazi za serikali hadi siku zake zilingane na deni lake, na hivyo barabara nyingi za wilayani zilichongwa na watu ambao hawakuwa wameiba wala kumdhuru mtu. Kwa wakazi wa Musoma na maeneo yanayoitwa leo Bunda na Butiama, wengi wao wakiwa wafugaji na wakulima wa mtama na ulezi, shilingi ya kodi ilitokana na ng'ombe aliyeuzwa mnadani, na pamba, na baadaye machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, ambako vijana walikwenda kuchimba ili jina la baba lisisomwe barazani miongoni mwa wadaiwa.

Hapa ndipo palipo na kasoro ambayo sheria za kodi za kikoloni hazikuwahi kuirekebisha. Mtu anaweza kukosa kulipa kwa sababu hana, na mtu anaweza kukataa kulipa kwa sababu anapinga, na watu hao wawili wanapishana katika nia yao kama wanavyopishana mgonjwa na mgomvi. Mbele ya karani wa kodi, hata hivyo, wote wawili walikuwa jina lisilo na stakabadhi, na kwa kuwa maskini walikuwa wengi kuliko wapinzani, gereza la kodi lilijaa watu ambao hawakuwa na ujumbe wowote wa kisiasa. Mpinzani wa kweli mara nyingi hakufikishwa hata mahakamani. Harry Thuku, aliyewaunganisha Waafrika wa Nairobi dhidi ya kitambulisho cha lazima kilichoitwa kipande, kupandishwa kwa kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika kudai aachiwe wakapigwa risasi, naye akahamishiwa Kismayu na kukaa uhamishoni miaka kadhaa bila kuhukumiwa kwa kosa lolote. Serikali ilijua kwamba kesi ya wazi ingempa jukwaa.

Mfano ulio karibu zaidi, na ambao pengine hausomwi vya kutosha katika shule za Tanzania, ni ule wa Upare. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili watemi wa Upare, kwa kuungwa mkono na serikali, walianzisha kodi ya ziada iliyopanda kulingana na mali ya mtu, nayo ikaitwa mbiru, jina lililochukuliwa kutoka utaratibu wa kale wa kutoa ushuru kwa watawala. Katika nadharia kodi ya namna hiyo ni ya haki kuliko kodi ya kichwa, kwa kuwa tajiri hutoa zaidi, na wapo maofisa walioshangaa kwa dhati kuona inakataliwa. Wapare hawakukataa kulipa kodi, kwani walikuwa tayari kutoa kiwango kilichokuwa sawa kwa wote. Walichokataa ni mtu kuingia katika mali zao na kuzikadiria bila wao kushauriwa, hasa pale mkadiriaji alipokuwa mtemi au jamaa yake, ambaye angeweza kumpunguzia rafiki na kumwongezea adui.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakaweka kambi na kukaa huko kwa zamu kwa miezi mingi. Hawakubeba silaha wala hawakuchoma ofisi, na utulivu huo ndio ulioitatiza serikali, kwa sababu sheria ilikuwa na gereza kwa ajili ya mdaiwa mmoja, au kumi, au hata mia, lakini haikuwa na gereza la kuitosha wilaya. Viongozi walikamatwa wakaondolewa Upare kwa amri ya serikali, kwa matumaini kwamba wafuasi wangetawanyika. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliingia katika mgogoro huo, na wanahistoria wameandika kwamba walimzingira ofisa wa serikali wakamwambia kwamba, ikiwa anawazuia waume zao wasirudi nyumbani, basi na yeye achukue wajibu wa waume hao kwa wake wote waliobaki peke yao. Hatimaye mbiru iliachwa. Marehemu Isaria Kimambo, aliyeandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo mwaka 1971, aliwasaidia wasomaji kuona kwamba huo haukuwa ujinga wa watu wasiojua faida ya kodi, bali mabishano ya kina kuhusu nani ana haki ya kumpima mwenzake.

Kesi ya Mwalimu mwenyewe ya mwaka 1958 haikuwa ya kodi, ilikuwa ya kashfa ya jinai, yaani kosa la kuchapisha maneno yanayomshushia mtu heshima kiasi cha dola kuingilia kati, nayo ilitokana na maandishi yake dhidi ya maofisa wa wilaya. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akatiwa hatiani, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Hukumu hiyo inaingia katika mjadala huu kwa sababu ya muundo wake. Maneno "faini au kifungo" yana bei ndani yake, kwani yanasema siku moja ya uhuru wa mtu ina thamani ya shilingi kadhaa, na bei hiyo haibadiliki hata mwenye kuilipa awe na chama kizima nyuma yake au awe mvuvi wa Majita asiye na ndugu wa kumchangia.

Ingetarajiwa kwamba Uhuru ungeivunja kanuni ya deni la kodi kulipwa kwa mwili, na kwa muda fulani ilionekana hivyo, kwani mwishoni mwa miaka ya 1960 kodi za halmashauri zilizowabana wakulima zilifutwa. Lakini halmashauri, ambazo nazo zilikuwa zimevunjwa, ziliporudishwa mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais, zilihitaji fedha, nayo kodi ya maendeleo, ambayo kwa umbo lake ilikuwa kodi ya kichwa kwa jina jingine, ikawa tegemeo lao. Wanaoikumbuka miaka hiyo wanajua mgambo, yaani askari wa akiba wa kijiji, alivyokuwa akikaa njia panda siku ya gulio akidai stakabadhi, na namna wanaume wazima walivyokimbilia porini au ziwani alfajiri, wakati wale waliokamatwa wakifungiwa katika ofisi ya kata mpaka jamaa zao wauze mbuzi. Ni vigumu kuuita ukwepaji huo upinzani, kwa kuwa haukuwa na kiongozi wala madai yaliyoandikwa, ila ni vigumu pia kuuita uhalifu. Serikali ya Benjamin Mkapa iliifuta kodi hiyo mwaka 2003.

Uganda ilichelewa kidogo. Kodi yake ya kupanda kwa ngazi, iliyosababisha ghasia kubwa Bukedi mwaka 1960, ilisimamishwa mwaka 2005, na hadi wakati huo magereza ya serikali za mitaa yalikuwa yakipokea wadaiwa wa kodi pamoja na wezi, wakalala chumba kimoja na kutolewa asubuhi kwenda kulima mashamba ya watu. Magereza hayo yaliunganishwa na idara kuu kwa sheria ya mwaka 2006.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unakataza katika ibara ya 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba, lakini kodi si mkataba, na hivyo kinga hiyo haimfikii mdaiwa wa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imehamisha uzito kutoka kwa asiye na kitu hadi kwa mfanyabiashara anayedanganya au kuficha, na kwa hilo ni bora mno kuliko sheria ya 1922. Hata hivyo mwenye duka la Musoma mjini asiyetoa risiti ya mashine anaweza kukabiliwa na faini au kifungo, au vyote viwili, na wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka mwezi Juni 2024, mgomo ukasambaa hadi mikoa mingine, moja ya malalamiko yao lilihusu namna wanavyokadiriwa na wakusanya kodi, lalamiko ambalo watu wa Same wa mwaka 1945 wangelitambua bila kuelezwa.