Mtoto si kiinua mgongo

Tukisikia kwamba karibu Wajapani watatu kati ya kila kumi wametimiza miaka 65, tunawahurumia, kisha tunajisifu: sisi tuna vijana. Kweli tunao. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ikatupata milioni 61.7, wengi wao damu bado inachemka. Ila ujana haulipiwi kodi ukabaki. Hao vijana tunaojivunia watazeeka karibu wote kwa mpigo, na wengi hawachangii mfuko wowote wa hifadhi ya jamii.

Wazee wetu walikuwa na mpango wao, nao ulikuwa watoto. Mama wa watoto tisa akilazwa hospitali, mchango unakamilika kabla jua halijazama. Leo kundi la WhatsApp la familia lina watoto watatu: mmoja yuko Muscat, mmoja kazi imeisha, wa tatu amesoma ujumbe na kunyamaza. Na familia zinazidi kupungua. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa wastani wa watoto wanane. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Kwetu mwaka huohuo ilikuwa 4.8. Sililii hilo hata kidogo. Binti aliyemaliza shule akaamua mwenyewe azae wangapi ni heri kuliko mama aliyefia uzazi wa tisa. Lakini mpango wa zamani ukiondoka, lazima pawe na mwingine.

Zanzibar wameanza. Tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hupata pensheni jamii, awe aliajiriwa au alivua samaki maisha yake yote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini bibi anayenunua sukari yake mwenyewe hasemeshwi ovyo na mkwe. Bara tuna TASAF kwa kaya maskini. Pensheni ya kila mzee bado ni mjadala, ilhali wenye miaka 60 na zaidi hawajafika hata mmoja kati ya kumi. Wakiongezeka, bei nayo itapanda.

Kijiweni kwetu madereva wa bodaboda wana mfuko wa misiba na wa harusi, na hesabu zao zimenyooka kuliko za ofisi nyingi. Niliwauliza kuhusu wa uzeeni. Wakacheka. “Mzee wangu,” mmoja akaniambia, “kwanza nimalize mkataba wa pikipiki.”