Takrima ni rushwa iliyobadilishwa jina

Ndugu Waislamu, mwaka 2000 sheria ya uchaguzi nchini iliruhusu wagombea kutoa "takrima". Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba. Mwaka 2007 ikatungwa sheria mpya ya rushwa, ikaja TAKUKURU.

Lakini kipimo tunacho tangu zama za Mtume (SAW). Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji zaka, alirudi na mali, nyingine akidai amezawadiwa. Mtume akahoji: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa?

Nasi hapa Songea tujipime. Mtumishi wa serikali, bila kiti hicho ungeletewa bahasha? Mfanyabiashara, asingeshika muhuri ungempa? Kama jibu ni hapana, basi hiyo ni rushwa. Mahakama hungoja ushahidi; Allah (SW) ni Shahidi tayari.

Wabillahi tawfiq.