Mguu wa Matende Unastahili Ukweli

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, mtu mwenye matende au busha mara nyingi hupewa dawa kabla ya kupewa ukweli. Ataambiwa amerogwa, au kwamba ujanani alizidisha madafu. Kisha atachemshiwa mwarobaini, atapewa mizizi ya kunywa, na pengine atachanjwa chale juu ya uvimbe wenyewe.

Chanzo ni mbu. Humwachia mtu vijidudu vinavyokua kuwa minyoo ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Mishipa ikiharibika, maji hutuama na mguu hujaa. Ngozi hupasuka kati ya vidole, bakteria huingia, mitoki huvimba na homa hupanda. Ndiyo maana chale huzidisha balaa.

Siwadharau waganga wetu. Wengi wanaijua miti kwa undani. Lakini anayeiheshimu dawa ya asili kweli ni yule anayekubali ipimwe. Majani ya mwarobaini yamewahi kuzuia bakteria fulani maabarani, ila hilo halitoshi kusema yanapunguza mguu uliovimba. Huko Kasaragod, katika jimbo la Kerala nchini India, madaktari wa ngozi waliunganisha huduma zao na tiba ya Ayurveda, na miguu ya wagonjwa ikapungua. Hata hivyo, wagonjwa hao walilowekwa miguu kwenye maji ya mitishamba, wakaoshwa, wakafungwa bendeji na kufanya yoga, vyote kwa pamoja. Mtu mkweli hawezi kuyapa majani sifa yote.

Yaliyo na hakika hayana fahari: kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha taratibu hadi katikati ya vidole, kutibu michubuko mapema, kuuinua wakati wa kupumzika. Kingatiba ya ivermectin na albendazole ikigawiwa kila mwaka hukata maambukizi, na busha hutibika kwa upasuaji.

Mgonjwa wa matende ameshabeba aibu isiyo yake. Tusimwongezee ahadi za uongo. Mganga anayemwambia, "Baba, hili siliwezi, nenda hospitali," amelinda heshima ya tiba asili kuliko yule anayedai kuponya kila kitu.