Pumba za Kuku



Jana jioni nilipita mashineni na ndoo yangu ya mahindi. Mwenye mashine akaniuliza, kama kawaida yake: "Nikoboe, au dona?" Nikasema koboa. Unga ukatoka mweupe, mweupe kama pamba. Pembeni, kwenye kiroba, zikabaki pumba.

Pumba zile ni za kuku wangu. Nao wamenona, msikilizaji. Wamenona kweli.

Sasa sikiliza. Kwenye pumba ndiko ziliko nyuzinyuzi zinazolainisha choo. Kwenye pumba ndiko kinakoishia kiini cha mahindi, chenye mafuta na vitamini. Kuku anapewa kiini. Mtoto anapewa weupe. Halafu tumbo likifunga, mbio duka la dawa.

Sisemi dona linaponya kila kitu. Wanaosema hivyo mara nyingi wana kitu cha kuuza. Mwenye sukari, mwenye presha, vidonge meza kama ulivyoandikiwa, na kliniki usikose. Lakini sahani nayo ina kazi yake. Ugali wa dona, na mchicha usiochemshwa ukapondeka. Basi.

Weupe wa unga tuliuita ustaarabu. Mimi nimechoka nao.

Leo ukitoka kazini, pitia mashineni. Chambua mahindi kwanza, yenye ukungu tupa. Saga kidogo kidogo, maana dona halikai sana. Na ukiulizwa, "Nikoboe?", sema: hapana, saga hivyo hivyo.

Kuku tutawatafutia kingine.